Asilimia 90 ya Nani?

Vipeperushi vya vyuo vikuu kadhaa vya Marekani vina takwimu moja inayowalegeza wazazi upesi: wahitimu wetu wanaoomba shule za udaktari, asilimia 90 hupokewa. Katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya waombaji hukosa nafasi kila mwaka, hilo si jambo dogo. Mjuzi huuliza kwanza waliohesabiwa ni akina nani.

Kijana wa Tanzania au Kenya hutoka sekondari akaingia moja kwa moja kusomea udaktari. Nchini Marekani kijana huanza na shahada ya miaka minne, iwe ya biolojia au hata ya historia, huku akipita kwenye masomo ya sharti ya sayansi. Kisha hufanya mtihani wa MCAT, wenye alama kati ya 472 na 528, ndipo aombe.

Mchujo hufanyika humo njiani. Kemia ogania ndiyo inayoogopwa zaidi: mwaka 2022, wanafunzi 82 kati ya takriban 350 wa somo hilo katika New York University walitia saini malalamiko kuhusu alama, na profesa wao, Maitland Jones, hakurudishwa kazini. Anayenusurika hapo hukutana na kamati. Vyuo kadhaa huwa na kamati inayomwandikia mwombaji barua ya kumdhamini, na baadhi huwanyima barua hiyo wenye alama hafifu. Aliyenyimwa mara nyingi haombi, asiyeomba hahesabiwi. Asilimia 90 hupatikana hivyo, bila mtu kufundishwa vizuri zaidi.

Kwa hiyo swali la maana ni hili: walioingia mwaka wa kwanza wakitaka udaktari, wangapi walifika?

Swali hilo huelekeza macho kwa Xavier University of Louisiana, chuo kidogo cha Kikatoliki mjini New Orleans kilichoanzishwa kwa ajili ya Weusi. Kwa miaka mingi kimekuwa mstari wa mbele nchini kwa idadi ya wahitimu Weusi wanaoingia shule za udaktari, ingawa wengi wa wanafunzi wake hutoka sekondari zisizo na maabara za kujivunia. Siri yake haina mbwembwe: vikundi vya kujisomea, wanafunzi wakubwa kuwafundisha wadogo, na washauri wanaomfuata anayeanza kuteleza kabla hajaanguka.

Anayekwenda kwa viza ya masomo ana jambo la ziada la kuchunguza. Shule nyingi za udaktari za Marekani hazimpokei asiye na ukaazi wa kudumu, na baadhi ya zinazompokea hudai karo ya miaka minne iwekwe benki kabla hajaanza. Mshauri anayeijua kazi yake humwambia haya muhula wa kwanza, tena kwa kuzitaja shule zenyewe.