Lita za Kurudi

Nimezaliwa Lisekese, Masasi, mahali ambapo bahari ni habari ya kusimuliwa. Hata ukipanda hadi Newala ukasimama kwenye ukingo wa Shimo la Mungu, utakachokiona chini ni bonde la Ruvuma likitandaa mpaka macho yachoke. Maji ya chumvi hayaonekani. Lakini kazi ninayoifanya leo Mtwara, ya kuendesha boti ya mpira yenye injini ya dizeli, nilianza kufundishwa hukohuko Lisekese, ndani ya kibanda cha mashine ya kusaga cha mjomba wangu.

Mjomba alikuwa na injini ya Lister, ile nzito yenye magurudumu ya chuma ubavuni, inayozunguka taratibu, mara 650 kwa dakika, na mlio wake ukifika unawaambia akina mama wa kijiji cha pili kwamba leo kuna kusaga. Tangi lake halikuwa na geji. Pembeni yake, kwenye msumari, kilining'inia kijiti cha mwanzi. Nilimuuliza siku moja kwa nini hakuchonga cha mpingo, mti unaosifiwa kwetu kuliko yote. Akachukua kijiti cha mpingo, akanichovyea vyote viwili. Kwenye mpingo mweusi dizeli haikuonekana ilipoishia; kwenye mwanzi ilichora mstari safi kama wino. "Umeona, mjomba?" aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja. "Mti mzuri si lazima uwe wa kupimia."

Alama za kijiti kile alizikata mwenyewe. Alimimina lita moja kwa kopo, akachovya, akakata kwa kisu. Akamimina ya pili, akachovya, akakata. Kazi ya asubuhi nzima. Tangi halikuwa sawa juu na chini, kwa hiyo alama nazo hazikuachana sawa, na yeye hakujaribu kuzipendezesha. Kisha alikuwa na daftari. Mahindi makavu, madebe matatu kwa lita. Mahindi yenye unyevu, mawili na nusu. Makopa ya muhogo yalikuwa na ukurasa wake. Mtu akileta madebe sita, mjomba alitazama punje, akaitia moja mdomoni na kuing'ata, halafu akasema dizeli itabaki kiasi gani jioni. Ikifika jioni tulichovya. Tofauti ikizidi nusu lita hakulala kabla hajajua imekwenda wapi: nozeli inavuja, jiwe limechakaa, au dumu tuliloletewa halikuwa limejaa.

Sifa ninayotaka kuitoa hapa ni ya ufundi huu. Hauna cheti, hauna vazi lake, na watu huuita kubahatisha. Ukweli ni kwamba anayekadiria mafuta vizuri ndiye mtu aliyeacha kubahatisha zamani.

Huku kwetu tunajua gharama ya makadirio yasiyo na kijiti. Mwaka 1946 watu watatu walitumwa na Waingereza kupima kama karanga zingeweza kulimwa kwa mashine katika Tanganyika, na ripoti yao ikaandikwa baada ya wiki chache za safari, sehemu kubwa kwa ndege. Nachingwea, jirani zetu wa Masasi, ikawekwa kwenye ramani ya mashamba hayo. Bandari ikachimbwa Mtwara, reli ikatandikwa kuelekea bara. Mwaka 1951 mradi ukafutwa pamoja na paundi karibu milioni 36. Wazee walipousimulia walicheka, mjomba hakucheka. Alisema wale watu hawakuchovya.

Nilipofika Mtwara na kukabidhiwa boti, nilikuta kitu kipya kabisa machoni, na chini yake dizeli ileile. Boti ya namna hii ina tumbo gumu la faiba lililochongoka kama kifua cha ndege, na limezungushiwa maputo ya mpira yaliyojaa hewa. Ilibuniwa katika miaka ya 1960 huko Wales, chuoni Atlantic College, na wanafunzi pamoja na mkuu wao, ofisa mstaafu wa jeshi la maji, waliokuwa wakitafuta chombo cha kuokolea watu kisichopasuka kwenye mawimbi. Ni chombo chenye tabia mbili. Polepole kinaelea kama mtumbwi. Kikipata nguvu kinainua kifua na kuteleza juu ya maji. Katikati ya tabia hizo mbili pana mahali pabaya, na mafuta mengi ya watu yamezama hapo.

Nieleze hesabu kidogo, maana ndiyo kiini. Gari limetuzoesha kupima safari kwa umbali: kutoka hapa hadi pale, lita kadhaa, basi. Baharini injini hula kwa saa. Injini ya dizeli ya siku hizi huchoma takriban gramu 220 kwa kila kilowati ya kazi kwa saa, na lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi. Injini yangu ina nguvu farasi 200, yaani kilowati 149. Zidisha, gawanya, utapata karibu lita 39 kwa saa ikiwa imekazwa hadi mwisho. Kwa hesabu ya kichwani, chukua nguvu farasi, gawanya kwa 5. Hiyo ni dari. Injini haiwezi kula zaidi ya hapo hata ukiikasirikia.

Chini ya dari ndipo ufundi unapoanza. Pangaboi lina sheria yake: ukizidisha mizunguko yake mara mbili, linadai nguvu kama mara nane. Kwa hiyo kurudisha mkono wa mafuta kidogo tu kunaokoa mengi. Lakini boti inayoteleza haifuati sheria hiyo moja kwa moja, na hakuna kitabu kitakachokuambia yako inafanyaje ikiwa na abiria sita, maputo yamelegea kidogo kwa baridi ya maji, na majani yameanza kuota chini. Lazima uipime wewe. Nilifanya alivyofanya mjomba: siku za bahari tulivu nilikwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, kwa mwendo mmoja, nikachovya kabla na baada. Daftari langu linasema hivi. Kwa noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa, lita 3 kwa saa. Kwa noti 22, lita 24. Kwa noti 32, lita 40. Na kwa noti 10, mwendo ambao mgeni angedhani ni wa kujihifadhi, lita 18.

Gawanya lita kwa maili uone. Noti 22 ni lita 1 na kidogo kwa maili moja ya bahari. Noti 10 ni lita 1.8. Boti ikiwa imenyanyua pua lakini haijapanda, inasukuma kilima cha maji mbele yake, na injini inalipia kilima hicho kila dakika. Anayepunguza mwendo kwa hofu akaishia hapo anakula mafuta mengi kuliko anayekimbia. Nenda noti 5 au panda juu kabisa, usikae mlangoni.

Tangi nalo lina fumbo lake. Limefuata umbo la tumbo la boti, limechongoka chini. Geji hupima kimo cha mafuta, haipimi wingi. Katika tangi lililochongoka hivyo, sindano ikisimama nusu, kilichobaki kinaweza kuwa robo. Nilipoligundua hilo kwa kijiti nilikaa kimya muda mrefu pale gatini, nikiwafikiria wote walioiamini sindano. Kijiti changu ni cha mwanzi. Alama za chini zimeachana sana, za juu zimebanana, na sijazipendezesha.

Februari moja, kaskazi ikivuma, niliwapeleka watu wanne kwenye maji ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, maili 24 kwa njia ninayoipita, kwa kuwa miamba hairuhusu mstari mnyoofu. Hesabu niliiandika usiku: kwenda lita 26, kurudi 26, kuzungukazunguka polepole saa nne lita 12. Jumla 64. Juu yake nikaongeza nusu ya hiyo, 32, ili theluthi ya mafuta yote isiwe na kazi. Ikawa 96, nikajaza 100. Mmoja wa abiria aliuliza kwa upole kwa nini tubebe uzito wa bure. Alikuwa na haki ya kuuliza. Lita 100 ni kilo 84, na uzito nao unakula. Nikamwambia hizo ni lita za bahari, si zetu.

Saa tisa alasiri upepo ukakaza, ukatupiga ubavuni. Mawimbi yakawa mafupi na ya karibu karibu. Kila nilipojaribu kupandisha boti ilirushwa, na mama mmoja alikuwa ameshika mgongo. Noti 5 ingetufikisha usiku, katikati ya miamba. Hapakuwa na njia ila kukaa palepale mlangoni, noti 10, kwa saa mbili na dakika ishirini na kitu. Nilijua bei kabla ya kuilipa: lita 43 badala ya 26. Nilijua pia zimebaki 62. Kwa hiyo sikuwa na cha kuhofia isipokuwa mgongo wa yule mama, na mikono yangu ilitulia kwenye usukani. Ndiyo faida ya ufundi huu ambayo sijaiona ikitajwa popote. Akili iliyomaliza hesabu usiku inakuwa huru kutazama mawimbi mchana.

Gatini niliwashusha watu, nikasubiri boti itulie, nikachovya. Mstari ulikoma kwenye alama ya 19.

Niliandika siku, upepo, abiria, noti, lita. Mjomba alikuwa bado hai, nikampigia simu Lisekese. Hakuwahi kupanda boti maishani. Alisikiliza zote, akauliza swali moja: "Hesabu yako ilisema ngapi?" Nikamwambia 19. Akasema, "Basi boti yako ni nzima."

Kwa kijana unayeanza kushika usukani Mtwara, Mikindani, Kilwa au popote kwenye pwani hii: kabla hujajifunza kukimbiza boti, omba siku tatu za bahari tulivu, kopo la lita moja, mwanzi na kisu. Kata alama zako mwenyewe. Pima mwendo wa polepole, wa juu, na ule wa katikati unaodanganya. Ukikabidhiwa boti ya mtu mwingine, pima upya. Na kila safari, kabla ya kufungua kamba, andika kwanza lita za kurudi.