Hewa Iliyobanwa na Hewa Inayobanika

Imetufikia rasimu ya istilahi za ukokotozi wa mitiririko ya hewa kuzunguka maumbo changamano, kama vile bawa la ndege na kichwa cha roketi. Mtungaji wake anastahili pongezi, kwani wafasiri wanaouthubutu uwanja huu si wengi. Hata hivyo, istilahi tatu zahitaji kuangaliwa upya kabla hazijazoeleka.

Ya kwanza ni "hewa iliyobanwa". Hewa iliyobanwa ni ile ya ndani ya gurudumu la baiskeli: mtu ameijaza kwa pampu na kazi imekwisha. Linalokusudiwa hapa ni sifa ya hewa ya kuweza kubadili msongamano wake inapopita. Mwendo ukiwa chini ya thuluthi moja hivi ya ule wa sauti, badiliko hilo halizidi takriban asilimia 5, na aghalabu mkokotozi hulipuuza. Mwendo ukizidi hapo, hana budi kulihesabu. Lugha yetu inayo kauli ya kutendeka kwa ajili hiyo. Mlango uliofungwa si sawa na mlango unaofungika. Basi na iwe "hewa inayobanika", na sifa yenyewe "ubanikaji".

Ya pili ni "seli". Ili kompyuta iweze kukokotoa, nafasi inayolizunguka bawa hugawanywa vipande vidogo vidogo. Rasimu inauita mgawanyo huo "wavu", nasi twakubali. Lakini kila kipande inakiita "seli", neno ambalo msomaji amelizoea katika biolojia. Wavu wa mvuvi hauna seli, una macho. Mvuvi ajua pia kwamba macho madogo hunasa yale yapitayo katika macho makubwa. Na mkokotozi naye hupunguza macho karibu na ukingo wa bawa, ambako hewa hubadilika upesi. "Jicho la wavu" latosha.

Ya tatu ndiyo nzito: "mbinu za kihafidhina". Mfasiri amekuta neno la Kiingereza lenye maana mbili, akachukua ile ya siasa. Maana inayotakiwa ni ya kihasibu: tungamo au nishati itokayo katika jicho moja huingia katika jicho jirani bila kupungua wala kuzidi. Mwaka 1960 Peter Lax na Burton Wendroff walithibitisha kwamba, majibu ya mbinu ya namna hii yakitulia kwenye kikomo kadiri macho yanavyopunguzwa, kikomo hicho ni suluhisho la kanuni zenyewe za hifadhi. Mbinu isiyotunza hesabu hiyo yaweza kuliweka mahali pasipo pake wimbi la kishindo, yaani ukanda mwembamba ambamo kanieneo ya hewa hupanda ghafla. Mwanafunzi anayesoma "kihafidhina" hataiona hatari hiyo. Atadhani ameambiwa kwamba mbinu ni ya kizamani.

Twapendekeza "mbinu za hifadhi", istilahi iliyo jamaa ya "hifadhi ya nishati". Watakaosema kwamba hifadhi ni ya wanyama na misitu wakumbuke kuwa kiini cha maana ni kilekile: kitu kisipotee.

Twamwomba mtungaji ayapime haya, na walimu wa fizikia na hisabati watuletee maoni yao, kabla rasimu haijapelekwa kusanifishwa.