Nota ya Tatu

Wapo wanaodhani kuoanisha okestra na hevi metali ni kazi ya kurundika: magitaa yangurume, fidla ziongezwe juu yake, ukumbi utikisike. Mimi naisifu kazi hii kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Gitaa la umeme, amplifaya ikisukumwa mpaka sauti ikwaruze, huzaa sauti nyingine nyingi juu ya kila nota. Nota tatu za kawaida zikipigwa pamoja hapo hugeuka vurugu. Ndiyo maana wapiga gitaa wa metali mara nyingi hushika nota ya kwanza na ya tano ya skeli tu, wakaiacha ya tatu, nayo ndiyo inayoamua kama wimbo unahuzunika au unachangamka. Mpangaji hodari huwapa wapiga chelo nota hiyo iliyoachwa, na ngurumo ileile, bila gitaa kubadili chochote, ikapata hisia mpya.

Michael Kamen, ambaye tayari alikuwa ameiandikia okestra sehemu yake katika “Nothing Else Matters” ya Metallica mwaka 1991, aliiongoza San Francisco Symphony pamoja na bendi hiyo kule Berkeley, Aprili 1999, siku mbili mfululizo. Katika “The Call of Ktulu”, wimbo usio na maneno, okestra ina pa kupita, na inapanda taratibu hadi kileleni. Katika “Battery” gitaa limejaza kila pembe, na nasikia fidla zikihangaika. Wapigaji ni walewale, ustadi uleule. Kilichokosekana ni nafasi, na nafasi lazima itengwe kwenye karatasi kabla mtu hajagusa ala.

Wapinzani husema okestra ni pambo la kuitafutia metali heshima. Kwa rekodi nyingi wana haki, hasa zile ambazo fidla hufuata tu nyayo za gitaa. Lakini udugu wa metali na okestra ni wa tangu mwanzo. Geezer Butler wa Black Sabbath alikuwa akiipenda “Mars”, kipande cha okestra cha Gustav Holst, na mgongano wa sauti uliomo humo ndio uliomsukuma mpiga gitaa wao, Tony Iommi, kuunda mdundo wa gitaa unaofungua albamu yao ya kwanza, 1970. Kisha mwaka 1996 Apocalyptica, vijana wanne wa Sibelius Academy ya Helsinki, walirekodi nyimbo za Metallica kwa chelo nne tu. Hakuna gitaa, ngoma wala mwimbaji, na bado nyimbo zimesimama.