Kisogo Ndicho Kinachoshika: Namna Kitambala Kinavyofungwa Lubumbashi

Kitambala cha kichwa kinachofungwa Lubumbashi hakihitaji pini. Kinashikwa na vitu vitatu: umbo la fuvu, ukinzani wa pamba inapolala juu ya pamba, na fundo moja lililokazwa chini ya kisogo. Neno lenyewe ni lile la pwani, kitambaa, ila Katanga, eneo la Lubumbashi, limebaki na l yake. Nguo hukatwa katika kikwembe, ambacho Mombasa na Dar es Salaam huitwa kitenge. Anayekitazama kwa mbele huona ua au mbawa juu ya paji la uso, akasifia hapo. Kazi kubwa imekwisha kufanyika nyuma.

Vipimo huamua mtindo kabla mikono haijaanza. Kikwembe kimoja kina urefu wa yadi 2, yaani sentimita 183, na upana wa sentimita 115 hadi 120. Kwa vazi kamili hununuliwa yadi 6, vikwembe vitatu, na kitambala hutolewa humo baada ya blauzi na vikwembe vya kiunoni kupangwa. Hapo ndipo hesabu huharibika. Mshonaji akikata kwa upana, utepe hauzidi sentimita 120. Kichwa cha mtu mzima, pamoja na nywele, kina mzunguko wa karibu sentimita 60. Kitambala hicho kitazunguka mara moja na kubakiza sentimita 30 kila upande: zinatosha fundo la nyuma, basi. Akikata kwa urefu, kila upande una sentimita 91 kutoka katikati ya paji. 30 zinafika kisogoni, 30 nyingine zinarudi mbele, na 31 zinabaki kwa ajili ya pambo. Kitambala cha shughuli za nyumbani na cha harusini hutofautiana kwa sentimita hizo 60 na kitu, wala si kwa bei ya nguo.

Kukata kwa urefu kuna faida nyingine. Ukingo mmoja wa utepe unakuwa ukingo wa kiwandani, ambao haufumuki nyuzi. Ukingo huo ndio unaofaa kukaa kwenye paji la uso, kwa kuwa unanyooka bila kushonwa. Ule uliokatwa kwa mkasi hukunjwa ndani.

Ufungaji huanza na katikati ya nguo kuwekwa vidole viwili juu ya nyusi. Ncha mbili huvutwa nyuma na chini, si nyuma tu. Kisogo kimevimba, na chini yake shingo inaingia ndani. Nguo iliyopita chini ya uvimbe huo haiwezi kupanda bila kutanuka, na pamba iliyofumwa haitanuki kwa urefu wake. Ncha hupishanishwa hapo, hukazwa kwa nusu fundo, kisha hurudishwa mbele zikipita juu ya tabaka la kwanza. Tabaka la pili linalibana la kwanza, nalo la kwanza linakataa kuteleza. Aliyefunga juu ya kisogo atakaza apendavyo, lakini nguo itapanda kidogo kidogo kuelekea utosini, na kabla misa haijaisha mkono utakuwa umekwenda kichwani mara tatu. Kosa hili ndilo linalostahili kusahihishwa kwanza kwa msichana anayejifunza, kabla ya kuonyeshwa ua lolote. Misuko ya nywele za bandia huteleza zaidi ya nywele zenyewe, na kofia nyembamba ya pamba ikivaliwa chini huondoa tatizo.

Zikishafika mbele, ncha zina njia nyingi. Iliyo imara ni kuzisokota pamoja mpaka kamba ianze kujikunja yenyewe, kisha kuizungusha kwenye shina lake kama konokono. Kamba iliyosokotwa hutaka kurudi ilikotoka, kwa hiyo ncha ya mwisho huchomekwa chini ya mzunguko, mahali panapobanwa na uzito wa kamba yote. Mbawa ni ngumu zaidi. Kila ncha hukunjwa mikunjo ya upana wa vidole viwili, hubanwa na fundo dogo, kisha hufunguliwa kama feni. Hapo urefu si tatizo tena. Kinachotakiwa ni ugumu wa nguo.

Kikwembe kipya kina ugumu wa kiwandani, na maji huupunguza kila kinapofuliwa. Wanga wa muhogo uliopikwa mwepesi, kisha pasi ya moto, huurudisha. Mwezi wa Juni, hewa ya Lubumbashi ikiwa kavu, mbawa husimama kutwa nzima. Mvua za Januari hulainisha wanga, na kamba ya konokono inakuwa chaguo la busara. Kuna pia suala la upande wa ndani. Waksi halisi, kama ile ambayo Vlisco wa Helmond, Uholanzi, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1846, hutengeneza kwa utomvu, ina rangi pande zote mbili, na mkunjo unaogeuka hauaibishi. Nguo iliyochapwa upande mmoja huonyesha mgongo uliopauka. Ni lazima ikunjwe mara mbili kabla ya kufungwa, na upana hupungua nusu.

Mitindo hii ilikomaa mjini. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na katika miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Union Minière ilianza kuwahimiza wafanyakazi wake waishi kambini na wake zao. Katika nyumba zilizoitwa foyer social wanawake walifundishwa kushona na kupiga pasi. Miaka ya 1970, sera ya Rais Mobutu ya kurudia uasilia ilipiga vita wigi, suruali na sketi fupi kwa wanawake, na kikwembe kikawa vazi la heshima la taifa. Vazi hilo lililazimishwa, lakini ustadi wa vidole haukutoka kwa amri ya mtu. Katika kanisa la Simon Kimbangu, aliyefia kifungoni mjini humo tarehe 12 Oktoba 1951, wanawake hufunika nywele wakisali. Kinachotakiwa hapo ni kufunika vizuri, na kitambala cha upana mkubwa, kilicholala bila mnara, kinatosha. Kwenye kilio pia ua halifai; ncha huchomekwa pembeni, zikaisha hapo.

Sokoni Kenya, yaani soko la mtaa wa Kenya mjini Lubumbashi, kitambala kina kazi ya pili. Mama anayebeba beseni la unga hukifungua, hukisokota kwa mtindo uleule wa kamba, hukizungusha kuwa ngata na kukiweka utosini chini ya mzigo. Mzigo ukishushwa, nguo hunyooshwa kwa viganja, na katikati yake hutafutwa upya kwa kulinganisha ncha mbili.