Sahani ya Nyasha

Nikiwa chuoni niliandika insha kuhusu Nervous Conditions, riwaya ya Tsitsi Dangarembga iliyotoka mwaka 1988. Nikadai kwamba Nyasha ni Zimbabwe inayoutapika ukoloni. Nikapata alama nzuri. Muhula huohuo, hosteli, chumba cha pili kutoka changu, kulikuwa na dada mmoja aliyesukumia wali pembeni mwa sahani kila tulipokula, mpaka mifupa ya mabega ikatokeza. Tukasema ana maringo.

Juzi nimeirudia riwaya hii, na safari hii nimesoma habari za msichana mgonjwa.

Kwa ambao bado: tuko Rhodesia, mwishoni mwa miaka ya 1960. Tambudzai, msimulizi, anatoka kijijini kwenda kusoma kwa baba yake mkubwa, Babamukuru (Kishona hicho hakihitaji mkalimani), mkuu wa shule ya misheni. Nyasha, binti wa nyumba hiyo, ameishi utotoni Uingereza. Vita vyake na baba vinafika mezani: baba anaamuru chakula kiishe chote, la sivyo atasitisha ada, nguo, kila kitu. Nyasha anakifakamia, anakwenda bafuni na kujitapisha kwa mswaki.

Kula sana kisha kutapika huitwa bulimia. Kujinyima mpaka uzito uporomoke ni anoreksia. Ila mtu mmoja anaweza kujinyima na bado akakitapika hata kile kidogo alichokula. Tena jina anoreksia, ambalo daktari William Gull wa London alilipa ugonjwa huu miaka ya 1870, maana yake ni kukosa hamu ya kula, na hapo linatupotosha. Njaa huwepo. Mgonjwa anashindana nayo, huku akiogopa kunenepa hata akiwa amebaki mifupa. Kwa Nyasha, tumbo lake ndilo kitu pekee ambacho baba hawezi kukiamrisha.

Daktari wa akili wa kwanza anasema Waafrika hawaugui namna hiyo. Arudishwe nyumbani akabanwe. Kijijini, mama yake Tambudzai ana jibu lake: ni Uingereza hiyo inawamaliza. Mmoja anasema ugonjwa si wetu, mwingine anasema ni wa wenzetu. Kwa vyovyote Nyasha anabaki bila ugonjwa wa kwake. Mimi na insha yangu tulikuwa watatu wao.

Nina lawama moja kwa Dangarembga. Usiku ule Nyasha anaporarua kitabu cha historia kwa meno ni mkubwa mno. Ndipo sisi wasomaji tunapokimbilia siasa. Ukoloni umo, sikatai, Nyasha mwenyewe anaulaani. Lakini kurasa ninazozihusudu sasa ni zile za kimyakimya: Tambudzai anarudi likizo kutoka shule ya masista na kumkuta binamu yake amezidi kukonda, huku wazazi wakiendelea kula. Zamani niliona kumpeleka msimulizi mbali ni udhaifu wa riwaya. Leo naona ndivyo familia zinavyoujua ugonjwa huu, kwa vipande, na kwa kuchelewa.

Isomeni tena, na mkifika pale mezani msiharakishe.

Yule dada wa chumba cha pili aliacha chuo kabla ya mitihani. Hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza kitu.