Nguvu si Nishati: Tahakiki ya Istilahi za Umeme wa Mwezini

Kazi ya istilahi haimaliziki pale neno linapopatikana. Neno lililozoeleka huja na maana yake ya nyumbani, na maana hiyo yaweza kumpotosha msomaji. Maandishi juu ya umeme wa vituo vinavyokusudiwa kujengwa mwezini yanatupa mifano miwili.

Wa kwanza ni kreta. Wahandisi wanapendelea kuweka paneli za sola ukingoni mwa kreta ya Shackleton, kwenye ncha ya kusini ya mwezi, kwa kuwa ukingo huo hupata jua sehemu kubwa ya mwaka, ilhali sakafu yake i gizani daima. Msomaji wa Karatu, aijuaye Ngorongoro, ataelewa kinyume. Kwake ukingo ndio wenye ukungu, na chini ndiko kwenye jua. Kreta zote mbili zina upana wa takriban kilomita 20, lakini moja ni volkano iliyoporomoka, nyingine ni kovu la pigo la kimondo. Neno libaki, maelezo yaongezwe.

Wa pili una madhara zaidi. "Nguvu za umeme" hutumiwa kwa dhana mbili: kasi ya kutumia umeme, ipimwayo kwa wati, na kiasi kinachotumika au kuhifadhiwa, kipimwacho kwa kilowati-saa. Mbali na ncha, usiku wa mwezini huchukua takriban siku 14 za duniani, yaani saa 336. Kituo kitumiacho kilowati 40 mfululizo kitahitaji kilowati-saa 13,440 hadi kupambazuke. Atakayechanganya dhana hizo ataagiza betri za kilowati-saa 40, nazo zitakwisha kwa saa moja.

Maoni yetu ni kwamba nguvu ibaki kwa wati, nishati kwa kilowati-saa, na kani kwa msukumo au mvuto. Tofauti hii si ngeni kwa wananchi. Anunuaye umeme wa LUKU pale Karatu hulipia uniti, ambayo ni kilowati-saa moja, na wati huzisoma kwenye balbu.

Hapana budi walimu na waandishi wa zabuni wazingatie jambo hili sasa. Zahanati ya kijijini inayohifadhi chanjo kwa umeme wa sola nayo ina usiku wake, na kosa la neno moja katika zabuni laweza kuziharibu chanjo hizo kabla ya alfajiri.