Mkutubi kama Mhakiki: Pendekezo la Kitabu katika Maktaba ya Umma

Katika uwanja wa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili mengi yameandikwa juu ya mwandishi, na si haba yaliyoandikwa juu ya matini. Msomaji naye ametajwa, ingawa mara nyingi kinadharia tu. Lakini yuko mtu ambaye husimama baina ya kitabu na msomaji kila siku ya kazi, naye hajapewa nafasi katika kurasa zetu: mhudumu wa maktaba ya umma anayeulizwa, "Nisome nini?" na ambaye hana budi kujibu papo hapo. Makala haya yanakusudia kulitazama jibu lake kama tendo la uhakiki, na kulipima kwa vipimo vile vile tunavyowapimia wahakiki waliosomea kazi hiyo.

Mfano wangu unaanzia Ahero, mji wa soko katika tambarare za Kano, karibu na mto Nyando, kwenye barabara kuu iendayo Kisumu. Wengi wanaujua kwa mpunga wake wa umwagiliaji na kwa mafuriko. Jina lenyewe, likisikika kwa sikio la Kijaluo, ni "napenda". Na sina hakika kama lipo jina jingine la mji lifaalo zaidi kuanzia mjadala wa mapendekezo. Nilipokuwa kidato cha pili nilipanda matatu kutoka hapo hadi maktaba ya Kisumu, nikitafuta hadithi yoyote ya Kiswahili ambayo mwalimu hakuwa ameiandika ubaoni. Mama aliyekuwa zamu mezani hakuniuliza niko darasa gani. Aliniuliza jioni nyumbani kwetu ni nani azungumzaye zaidi. Nikamjibu kuwa ni nyanya, na kwamba husema Kijaluo kitupu. Alikwenda rafuni akarudi na *Wimbo wa Lawino*, tafsiri ya Paul Sozigwa iliyotolewa mwaka 1975. "Huyu ni mke ambaye mumewe amemwona mshamba," akasema. "Msikilize, kisha uje uniambie kama hafanani na nyanya yako akikasirika."

Tuyachunguze maneno hayo. Kwanza, yanataja nafsineni kabla ya kutaja maudhui. Mhakiki wa darasani angeanza na mgongano wa utamaduni wa Kizungu na wa Kiafrika, na kijana wa miaka 15 angekuwa amekwisha kusinzia. Mama huyu alijua kwamba nguvu ya utungo ule imo katika sauti ya mlalamikaji, na kwamba Ocol tunamjua kwanza kupitia kinywa cha mkewe. Pili, yamo ndani yake maarifa ya isimu ambayo hakuyatangaza: Kiacholi, lugha ambayo Okot p'Bitek alimtungia Lawino kabla ya kumtoa kwa Kiingereza mwaka 1966, na Kijaluo cha Kano ni lugha za jamii moja. Kwa hiyo alinipa kitabu cha Kiswahili ambacho nyuma yake palisikika mwangwi wa nyumbani. Okot mwenyewe aliwahi kufanya kazi Kisumu, akaandaa tamasha la sanaa mjini humo mwaka 1968; hilo nililijua baadaye sana.

Mambo haya yana uzito katika ufuko wa Ziwa. Huko Kiswahili kwa watoto wengi ni lugha ya soko, ya askari na ya mtihani. Mtoto hukipata shuleni kikiwa tayari kimefungwa ndani ya maswali. Pendekezo lile lilikifungua na kukiingiza kwetu jioni, nami nikamsomea nyanya kurasa kadhaa huku nikizifasiri. Alicheka mahali ambapo mimi sikuona cha kuchekesha.

Nilipokwenda ng'ambo kwa shahada ya pili nilifundishwa nadharia ya upokezi, pamoja na hoja ya Hans Robert Jauss juu ya upeo wa matarajio ya msomaji. Niliisoma kwa bidii, na kwa unyonge kidogo, maana niliona kuwa yule mama alikuwa ameuuliza upeo wangu kwa swali moja.

Hata hivyo, tusimtukuze mhudumu wa maktaba kupita kiasi. Nimekaa katika maktaba kadhaa tangu hapo nikisikiliza, na mapendekezo mengi ni maskini. "Chukua hiki, ni kizuri." "Hiki kina mafunzo." Neno hili "mafunzo" linafaa kulaumiwa kwa ukali. Linaweza kusemwa juu ya *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert na juu ya *Rosa Mistika* ya Kezilahabi (1971), na katika hali zote mbili msomaji hajaambiwa lolote. Riwaya hii ya pili iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu ya uwazi wake. Anayempa msichana kitabu hicho kwa kusema tu kwamba kina mafunzo anakwepa wajibu wake, sawa na yule anayekificha.

Lililo baya kuliko yote ni pendekezo la tatu: "Hiki kinatahiniwa." *Siku Njema*, *Utengano*, *Kidagaa Kimemwozea* na *Chozi la Heri* ni riwaya ambazo kila moja, kwa zamu yake, imekuwa kitabu teule katika shule za upili za Kenya. Si riwaya dhaifu. Lakini zamu ikiisha, kitabu hubaki rafuni kama nguo ya sare ya shule iliyofungwa, na hakuna anayemwambia msomaji kwamba *Utengano* ingali inasomeka kwa ajili ya Maimuna mwenyewe. Hapo mkutubi peke yake ndiye angeweza kukirudishia kitabu uhai, na hapo ndipo mara nyingi hunyamaza.

Haikuwa hivyo daima. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilichapisha vitabu na pia lilisambaza masanduku ya vitabu kwa wasomaji wa mashambani. Shirika hilo hilo ndilo lililoendesha mashindano ya uandishi ambamo *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla ilishinda, ikachapishwa mwaka 1960. Yaani mchaguzi na msambazaji waliishi katika nyumba moja. Nchini Kenya kazi ya maktaba ilipokelewa na shirika la taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na Katiba ya 2010 ikazitaja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kaunti inaweza kujenga jengo na kununua rafu. Swali la nani atasema "soma hiki, kwa sababu hii" halimo katika bajeti yoyote niliyoiona.

Nasi wa idara za lugha tuna deni. Tulipoziita hadithi za upelelezi "fasihi pendwa" kwa sauti ya kubeza, tuliwanyang'anya wakutubi ngazi ya kwanza ya msomaji. Bwana Msa amewaingiza vijana wengi katika Kiswahili kuliko makala zetu zote.

Mwaka jana nilipita maktaba moja ya kandokando ya Ziwa nikiwa na toleo la jarida hili mkononi. Mhudumu, binti wa makamo, alilipokea kwa heshima, akaniuliza: "Mwalimu, nina kijana amemaliza vitabu vya Bwana Msa vyote tulivyo navyo. Humu mmesema nimpe nini baadaye?" Tulifunua kurasa pamoja mpaka jalada la mwisho. Kisha akavaa miwani, akaenda rafuni kutafuta mwenyewe.